freeCodeCamp kwa anayeanza usanifu wa tovuti ukubwani: tathmini kutoka Mbeya

Makala haya ni tathmini ya kozi ya usanifu wa tovuti inayotolewa na freeCodeCamp, na nimeyaandika kwa ajili ya mtu mzima wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe ambaye ana kazi yake, ana watu wanaomtegemea, na anajiuliza kama ufundi huu una nafasi kwake au ni wa vijana wanaotoka vyuoni peke yao. Mimi ni mwanamke mwenye steshenari eneo la Mwanjelwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanga kadi za harusi, vipeperushi, vitabu vya risiti na ratiba za ibada, na nilianza kujifunza kutengeneza tovuti nikiwa nimeshavuka miaka 45. Kwa hiyo kozi hii naipima kwa mahitaji ya mtu anayeketi kusoma usiku, duka likiwa limefungwa na watoto wamelala.

freeCodeCamp ni taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi ya ualimu na usimamizi wa shule, na ambaye mwenyewe alijifunza kuandika programu akiwa amefikisha zaidi ya miaka 30. Masomo ni bure na cheti ni bure. Hakuna sehemu inayofungwa mpaka ulipe. Mtaala hurekebishwa mara kwa mara, na ninaouzungumzia hapa ni ule wa kutengeneza tovuti zinazojipanga kulingana na ukubwa wa skrini, kwa toleo la mwaka 2022. Wenyewe wanaukadiria kuwa wa saa 300. Kwa mtu anayepata saa moja kila usiku, hiyo ni takribani miezi 10, na nadhani ni vyema kila anayeanza aijue hesabu hiyo mapema, kwa sababu matangazo mengi ya kozi fupi yanawaahidi watu kuwa mafundi ndani ya wiki chache na kuwaacha wakijilaumu wanaposhindwa.

Ubora wake mkubwa uko katika namna somo linavyokatwa vipande vidogo. Ukurasa una maelezo upande mmoja, msimbo (yaani maandishi ya programu) katikati na matokeo upande wa pili. Hatua ya kwanza kabisa inakupa kichwa kilichoandikwa ndani ya tagi ya h1 (tagi ni alama inayokiambia kivinjari kitu hiki ni cha aina gani) na kukuagiza ubadilishe maneno yake yasomeke CatPhotoApp. Ni hilo tu. Ukishabadilisha unabonyeza kitufe cha kukagua, na kama kuna kitu hakijakaa sawa unaelezwa ni kipi. Hatua inayofuata inaongeza kichwa kidogo, kisha aya, kisha picha, na bila kuona umefika wapi unajikuta umejenga ukurasa mzima wenye orodha, fomu na viungo.

Kwa mtu mzima, utaratibu huu una thamani ambayo kijana anaweza asiione. Nimewahi kujiandikisha katika kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta hapa mjini ambako mwalimu alikuwa akiandika ubaoni na kufuta kabla wenye umri wangu hawajamaliza kunakili, na anayeomba arudiwe alitazamwa kana kwamba analichelewesha darasa. Katika kozi hii hakuna anayekusubiri wala anayekukimbia. Hatua uliyomaliza jana inahifadhiwa kwenye akaunti yako, na umeme ukikatika katikati ya zoezi unaendelea kesho pale ulipoachia. Unaweza kurudia somo moja mara nyingi upendavyo pasipo kumwonea haya mtu yeyote.

Hata hivyo, vipande hivyo hivyo vidogo vina hatari yake. Inawezekana kabisa kufuata maagizo hatua baada ya hatua, kila moja ikikubaliwa, na mwishoni usiweze kuandika mistari kumi peke yako. Dawa yake ni kuweka kwenye kompyuta programu ya kuandikia msimbo ya Visual Studio Code, ambayo ni ya bure, na kila zoezi likiisha kulijenga upya kwenye faili tupu ukitumia mambo ya hapa nyumbani. Zoezi la menyu ya mgahawa, kwa mfano, mimi nililigeuza kuwa menyu ya mama lishe jirani yangu: wali wa Kyela kwa maharage, ndizi za Tukuyu kwa nyama, makande, chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kwenye somo nililipita haraka. Jina la chakula na bei vimewekwa kwenye mafungu mawili yanayokaa sambamba, na kila fungu limepewa nusu ya upana. Lakini bei inaangukia mstari wa chini, kwa kuwa nafasi tupu iliyoachwa kati ya tagi mbili inahesabiwa kama herufi na inakula upana wake. Ukizisogeza tagi zigusane, bei inapanda mahali pake. Aliyewahi kupanga maandishi kwa ajili ya kuchapa atalifurahia somo hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoingia katika kazi hii ukubwani wanatoka kwenye fani za jirani: uchapaji, uchoraji wa mabango, upigaji picha, ualimu wa sanaa. Sisi tuna jicho. Tunajua maandishi yakibanana yanachosha, tunajua rangi mbili zinazogombana, tunajua mteja anaposema hapendi huwa hajapenda kitu gani. Lakini tumezoea karatasi, na karatasi ina ukubwa unaojulikana. Ukishakata A4, ni A4 kwa msomaji wa Mbeya na kwa msomaji wa Mafinga. Tovuti haina karatasi. Ukurasa ule ule utafunguliwa kwenye simu ndogo ya dereva wa bodaboda Uyole na kwenye skrini pana ya ofisi ya mkoa, na wewe mtengenezaji hutakuwapo kuusogeza.

Kozi inalishughulikia suala hili kwa subira, na nadhani hapo ndipo inapostahili sifa zake. Kwanza inakufundisha kwamba kila kitu kwenye ukurasa ni kisanduku, kwa zoezi la kuchora picha ya mistatili ya rangi kwa mtindo wa mchoraji Mark Rothko. Kisha inakuonyesha kitu kinachompinga mchapaji moja kwa moja. Mchapaji anapoacha pambizo ya sentimita mbili, pambizo hiyo iko ndani ya karatasi, karatasi haikui. Kwenye CSS, lugha inayopangilia mwonekano wa ukurasa, kwa kawaida yake, ukitengeneza kisanduku cha upana wa pikseli (nukta za skrini) 300, ukakipa nafasi ya ndani ya pikseli 20 kila upande na mpaka wa pikseli 1, upana wake halisi unakuwa 342, na vilivyopangwa kandokando vinasukumana.

Nilikuwa nahangaika na hesabu hiyo siku moja dukani, na kijana mmoja aliyekuja kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta.

"Shikamoo mama. Samahani, hiyo ni CSS?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, lakini visanduku vyangu vinapasuka."

"Andika nyota juu kabisa, halafu uweke box-sizing iwe border-box. Itashuka kwa vyote."

Alikuwa sahihi. Nyota inamaanisha kila kilichomo kwenye ukurasa, na agizo hilo linaifanya nafasi ya ndani na mpaka vihesabiwe ndani ya zile pikseli 300, kama ilivyo kwenye karatasi. Kozi yenyewe inafika kwenye agizo hilo, na inafaa kulishika mapema. Nimelisimulia pia kwa sababu nyingine: mji huu una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, una vijana wengi wanaoujua ufundi huu na wanaofundishika na kufundisha kwa heshima, na mtu mzima anayesoma peke yake usiku atapiga hatua ndefu zaidi akikubali kuuliza mchana.

Baada ya visanduku kozi inaingia kwenye mpangilio unaojirekebisha, ambao mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte aliupa jina na misingi yake mwaka 2010, wakati simu zilipoanza kufungua tovuti kwa wingi. Utajifunza kupanga vitu kwa mstari kwa njia ya flexbox na kwa gridi kamili kwa njia ya CSS Grid, ambayo vivinjari vikubwa viliipokea mwaka 2017. Zoezi la gazeti lenye safu kadhaa ni zuri mno kwa mtu aliyetoka uchapaji. Safu zinajipanga kandokando kwenye kompyuta na kubaki moja kwenye simu, bila wewe kuandika kurasa mbili. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza niliita watu waje watazame.

Eneo la pili ninalolipongeza ni mafunzo ya kutengeneza tovuti inayosomeka na kila mtu, wakiwemo wasioona vizuri na wanaotumia programu za kusomewa skrini. Mwongozo wa kimataifa unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa kwa 3 kwa 1. Mbunifu wa miaka 22 huweka maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe kwa sababu yeye anayaona. Mtu aliyevuka miaka 40, ambaye mkono wake umeanza kuisogeza simu mbali ili asome, anaijua taabu hiyo bila kufundishwa, na kazi yake itawafaa wazazi, wastaafu na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika ambao nao hufungua tovuti za taasisi zetu. Katika sehemu hii nina ongezo moja ambalo msomaji wa Kiswahili asilikose. Masomo yanaanza ukurasa kwa kutaja lugha yake kuwa "en", yaani Kiingereza. Ukurasa wako ukiwa wa Kiswahili, andika "sw". Ukiacha ile ya mwanzo, programu ya kusoma skrini itayatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na asiyeona hataelewa kitu.

Sasa niseme kile ambacho kozi haikupi. Inakufundisha kujenga. Haikufundishi soko la Nyanda za Juu Kusini, na haiwezi kulijua.

Chukua mfano wa shule ya sekondari ya binafsi, mteja wa kawaida kabisa katika mkoa huu. Mwenye shule atakuambia anataka picha kubwa za majengo zinazopishana juu ya ukurasa. Mzazi aliyeko Chunya au Rujewa anataka kitu kingine: fomu ya kujiunga, ada, orodha ya mahitaji na namba ya simu inayopokelewa. Anatumia simu, na bando lake linahesabika. Picha moja ikitoka kwenye simu ya kisasa bila kupunguzwa inaweza kuwa na megabaiti kadhaa. Picha sita za namna hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo zinamla mzazi bando kabla hajaiona fomu. Mazoezi ya kozi yanakufundisha kuandika max-width: 100% ili picha isizidi upana wa mahali ilipowekwa, na hilo ni sahihi, lakini kuipunguza kwa macho hakupunguzi uzito wake. Picha inapaswa kupunguzwa vipimo na kubanwa kabla ya kupandishwa, ikiwezekana kwa muundo wa WebP, aina ya faili la picha lenye uzito mdogo, mpaka iwe ya kilobaiti mia mbili au chini yake. Hili ni la lazima huku kwetu, na nimeona tovuti za gharama kubwa zikikimbiwa kwa sababu hiyo peke yake.

Vivyo hivyo kwa mawasiliano. Kozi inatumia muda mwingi kwenye fomu, na mradi mmoja mzima wa cheti ni fomu ya utafiti ambayo lazima ikatae barua pepe isiyo na muundo sahihi. Ni ufundi muhimu. Lakini mteja wa nyumba ya wageni ya Tukuyu au Matema hasubiri barua pepe. Anataka kitufe kinachofungua WhatsApp, na kingine kinachopiga simu moja kwa moja. Vyote viwili ni viungo vya kawaida, kimoja kinaanza na https://wa.me/ na kingine na tel:, na unaweza kuvijua kwa dakika chache. Pale fomu inapohitajika, mtengenezaji akumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba kuomba namba ya kitambulisho cha mtu pasipo sababu kunamweka mteja wako pabaya.

Yapo pia mambo ya biashara yenyewe: makubaliano ya maandishi, malipo ya awali kabla ya kazi kuanza, na swali la jina la domeni, yaani anwani ya tovuti, litasajiliwa kwa nani. Mimi nashikilia kwamba domeni ya .co.tz isajiliwe kwa jina la mteja, na nywila zote akabidhiwe, hata kama yeye anaona ni usumbufu. Katika mji huu kuna taasisi zilizopoteza majina yao ya tovuti kwa sababu fundi aliyeyasajili kwa jina lake alihama na simu yake haipatikani tena. Katika mambo haya aliyeendesha duka kwa miaka 15 amemtangulia mbali kijana mwenye cheti, na ndiyo sababu siamini kwamba umri ni mzigo katika kazi hii. Mtu mzima anajua kumsikiliza mteja mpaka mwisho, anajua kuandika risiti, na anapoahidi Ijumaa, watu wa soko wanajua Ijumaa yake ni ya kweli au la.

Upande wa gharama, neno "bure" lisimdanganye mtu. Utahitaji kompyuta mpakato. Iliyotumika inatosha, mradi ina kumbukumbu ya RAM ya GB 8, kwa kuwa kivinjari chenye kurasa nyingi kitailemea yenye GB 4. Kusomea kwenye simu kunawezekana kwa hatua za mwanzo, lakini kuandika msimbo kwa kidole kunachosha mapema. Masomo ya maandishi hayali bando kama video, na hilo ni faida kubwa ya kozi hii kuliko nyingine nyingi. Suala la lugha ni zito zaidi. Sehemu kubwa ya maelezo ni ya Kiingereza, ingawa cha sentensi fupi, na aliyeishia kidato cha nne miaka mingi iliyopita ataweza akiwa na subira na kamusi pembeni. Ambaye Kiingereza chake ni kidogo kuliko hapo namshauri asome pamoja na mtu.

Kuhusu kuajiriwa nitasema kwa ufupi. Kozi hii peke yake haitakupa ajira ya ofisini, kwa umri wowote; waajiri wengi wanataka pia JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, na uzoefu wa kufanya kazi na wenzako kwenye mradi mmoja. Anayelenga kazi za kujitegemea ana njia fupi zaidi, na mtumishi wa umma anayekaribia miaka 55, ambapo kustaafu kwa hiari kunaruhusiwa, au 60 ya lazima, anaweza kuanza taratibu angali ana mshahara. Atahitaji pia kuijua WordPress, programu ya kuendesha tovuti bila kuandika msimbo, iliyoanza mwaka 2003 na inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani, kwa maana wateja wengi watataka kuweka matangazo yao wenyewe. Lakini aanze na HTML, lugha ya tagi inayojenga ukurasa, na CSS. Aliyeanzia kwenye violezo vilivyokwisha kutengenezwa hukwama siku kiolezo kinapokataa kufanya anachotaka mteja, na hata anayeomba msimbo kwa programu za akili unde anahitaji kujua ni mstari upi umemharibia ukurasa.

Cheti cha toleo hilo la 2022 hutolewa baada ya kukamilisha miradi mitano: fomu ya utafiti, ukurasa wa kumuenzi mtu, ukurasa wa maelezo ya kitaalamu, ukurasa wa kuuzia bidhaa, na tovuti ya kuonyesha kazi zako. Kabla ya kukipata unatia saini ahadi kwamba kazi ni yako mwenyewe, na kila cheti kina kiungo ambacho mtu yeyote anaweza kukifungua na kukihakiki. Kwa wateja wa hapa, cheti hicho hakiulizwi sana. Wanaomba waone kazi. Kwa sababu hiyo ninashauri miradi hiyo isifanywe kwa maneno ya kujazia nafasi: ukurasa wa bidhaa uwe wa kahawa ya Mbozi au mchele wa Kyela wenye bei na uzito wa kweli, ukurasa wa maelezo uwe mwongozo wa jambo unalolijua vizuri, na yote uyapandishe kwenye GitHub Pages, ambako kuhifadhi tovuti za namna hii hakulipiwi. Mteja akija dukani, mpe simu yake mwenyewe, afungue mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, ukiwa umesimama pembeni kuangalia ni wapi kidole chake kinasita.